Maskini Akipata: Mhadhara juu ya Bahati Nasibu na Mshindi Wake



Iko methali ambayo kila aliyekulia uswahilini ameisikia kabla hajaanza shule: maskini akipata, matako hulia mbwata. Hutupwa kama kijembe barazani na shereheni, na mara nyingi mlengwa ni mtu ambaye jana hakuwa na kitu na leo amenunua pikipiki. Nimekuja jioni hii kuipinga. Naamini inatudhuru, na hakuna mahali inapodhuru zaidi kuliko pale anapotajwa mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Tukisikia fulani kashinda milioni mia, maneno yanayofuata tunayajua wote. Atazimaliza. Ataoa wa pili. Mpe mwaka mmoja, atarudi hapa hapa kuomba nauli. Tunayasema hata kabla hajalipwa, na akija kuyumba kweli tunakumbushana kwamba tulisema. Mimi nasema tumemkamata asiye na kosa. Pesa nyingi hazimharibu mtu kwa kuwa alikuwa maskini. Kinachoamua ni namna zilivyomfikia: nani amejua, zimekuja kwa mkupuo au kwa mafungu, na je, zilipofika alipata nafasi ya kukaa akafikiri?

Nianze kwa kuondoa takwimu moja njiani. Mmeisoma magazetini, mmetumiwa kwenye simu: kwamba asilimia 70 ya washindi wa bahati nasibu hufilisika ndani ya miaka michache. Wanaoitaja husema imetoka katika shirika la Marekani la elimu ya fedha, National Endowment for Financial Education. Mwaka 2018 shirika hilo lilitoa taarifa likasema takwimu hiyo haitokani na utafiti wake. Taarifa haikusaidia, takwimu bado inatembea. Inatembea kwa sababu inatupoza moyo sisi tusioshinda. Inatuambia kwamba kukosa kwetu kulikuwa salama yetu.

Na tazameni huyu ambaye hutajwa kila mara kama mfano. Krismasi ya mwaka 2002, Jack Whittaker, mkandarasi wa West Virginia, alishinda dola milioni 314.9 za Powerball. Akachagua kulipwa kwa mkupuo, na baada ya makato na kodi akabaki na takriban dola milioni 113. Alianza vizuri kabisa. Mwanamke aliyefanya kazi katika duka alikonunua tiketi alimpa nyumba na gari. Akatoa pesa za kujenga makanisa. Akaanzisha mfuko wa kusaidia wenye shida. Kisha dunia nzima ikajua anapoishi. Mwaka 2003 aliibiwa dola 545,000 taslimu ndani ya gari lake. Kesi zikamwandama. Desemba 2004 mjukuu wake wa kike, kipenzi chake, alikutwa amekufa akiwa na miaka 17 tu. Babu huyo alisema hadharani kwamba anatamani angeichana ile tiketi. Alifariki mwaka 2020.

Habari hii inauma. Lakini wengi wanaoisimulia huruka jambo moja: Whittaker hakuwa maskini. Alikuwa na kampuni yake, na alikwisha kuwa tajiri wa mamilioni ya dola kabla ya kununua tiketi ile. Mikataba aliijua, wahasibu alikuwa nao. Kama kuzoea pesa ndiyo kinga, basi wa kwanza kupona angekuwa yeye.

Sasa twende kwa washindi wengi, maana mtu mmoja hawezi kubebeshwa habari ya wote. Utafiti uliosifika kwa muda mrefu ni wa mwaka 1978, wa Philip Brickman na wenzake wawili, waliowauliza washindi wa bahati nasibu ya jimbo la Illinois kuhusu furaha yao. Jibu lililovuma likawa kwamba washindi hawakuzidi majirani zao kwa furaha. Washindi wenyewe walikuwa 22. Watu 22 ni wachache mno kuamulia jambo zito kama hili, na bado matokeo yao yamehubiriwa karibu nusu karne, kwenye vitabu na mimbarini, kana kwamba yamethibitisha kuwa pesa haina msaada kwa mwanadamu.

Wachumi watatu, Erik Lindqvist, Robert Östling na David Cesarini, waliichunguza Uswidi, nchi ambako kumbukumbu za washindi hutunzwa vizuri, wakawapata washindi zaidi ya 3,000, wakubwa kwa wadogo, na kuwauliza maswali baada ya miaka mitano na wengine hata baada ya miaka ishirini na zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Walioshinda pesa nyingi walikuwa wameridhika na maisha yao kuliko walioshinda kidogo, na kuridhika huko hakukuchuja hata baada ya muongo kupita. Pesa walikuwa nazo bado. Hawakuzimwaga, walizitumia taratibu, mwaka baada ya mwaka. Kwa furaha ya siku hadi siku na afya ya akili, tofauti ilikuwa ndogo, na hilo nalo tulipokee jinsi lilivyo: pesa haikatazi msiba wala haileti usingizi kwa lazima. Lakini yule mshindi wa methali yetu, anayeruka majoka na kuanguka, Uswidi hakuwa mshindi wa kawaida.

Najua kuna atakayeniambia: mwalimu, hao ni Waswidi. Wana pensheni, hospitali wanatibiwa, mtoto anasoma bila mzazi kuuza shamba. Umesema kweli kabisa, na hapo hapo ndipo ninapotaka tufike. Mshindi wa Uswidi akipata pesa, shangazi yake haji kumwomba za upasuaji, kwa sababu upasuaji wa shangazi umeshalipiwa na serikali. Zile pesa zinabaki kuwa zake. Za mshindi wa Mbagala au wa Kibera zinaingia katika nyumba yenye madai ya miaka ishirini, na madai mengi ni ya haki.

Niwaeleze kijana mmoja dereva wa bodaboda ninayemfahamu, wa huko Mbagala. Jina lake ninalihifadhi, na kampuni iliyomlipa naiacha. Alishinda shilingi milioni 20. Akaitwa, akavishwa fulana, akashikishwa ile hundi kubwa ya ubao inayofika kifuani, akapigwa picha huku anacheka. Jioni picha ilikuwa kwenye ukurasa wa kampuni, jina lake kamili na mtaa wake chini yake. Pesa zenyewe zilikuwa hazijaingia benki.

Alinionyesha simu yake. Mizinga ilianza usiku ule ule. Mwenye pikipiki, ambaye kijana alikuwa akimpelekea hesabu ya shilingi elfu kumi kila siku, alituma pongezi na kuulizia deni la wiki mbili za mvua. Mwalimu wake wa darasa la sita alituma picha ya choo cha shule. Mtu wa Mwanza asiyemjua alituma picha ya mtoto kitandani, mguu umefungwa, na namba ya kutumia pesa. Rafiki zake wa kijiweni hawakuandika. Walikuja wenyewe, wakakaa kibarazani, wakangoja. Na shangazi yake wa Kilwa alimpigia, akamsalimu, akamwombea dua ndefu, akakata simu bila kuomba chochote. Huyo shangazi ndiye aliyemlipia ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne. Kijana aliniambia kwamba simu ile ndiyo iliyomkosesha usingizi.

Akamwezekea shangazi nyumba kwa bati. Akalipa ada ya chuo ya mdogo wake. Akanunua pikipiki yake mwenyewe, akaachana na hesabu ya kila siku. Nyingine zilikwenda kwa watu: laki moja huku, laki mbili kule, mikopo ya rafiki ambayo haikurudi na ambayo moyoni alijua hairudi. Aliyepewa laki moja alinuna kuliko aliyekosa kabisa, kwa sababu aliona laki moja ndiyo bei aliyowekewa. Ugomvi ukawa mwingi mpaka kijana akahama mtaa. Sasa pale kijiweni wanasema kazimaliza. Milioni ishirini, wanasema, na leo bado anaendesha bodaboda!

Tuzihesabu pamoja. Kuna bati juu ya mama mtu mzima asiyelowa tena masika. Kuna binti aliyemaliza chuo. Kuna pikipiki isiyo ya tajiri. Mtu aliyefanya hivyo kwa milioni 20 hakuzimaliza. Amezigeuza kuwa vitu ambavyo familia yake ilivikosa miaka yote. Hasara yake halisi ilikuwa zile laki zilizotawanyika bila mpango na mtaa alioupoteza, na hasara hiyo ilizaliwa na ile picha. Laiti angepewa mwezi mmoja kabla watu hawajajua, angekwenda Kilwa kwanza, akazungumza na shangazi, na mengine yangefuata kwa mpangilio wake.

Katika nchi nyingine jambo hili limefikiriwa. Uingereza mshindi huulizwa kama anataka kutangazwa au la. Uchina washindi huja kuchukua hundi wamevaa mavazi ya katuni yanayoficha mwili mzima. Mwaka 2022 mshindi mmoja wa Guangxi, aliyepata yuan milioni 219, alisema hakuwa amemwambia hata mke wake. Sikubaliani naye kuhusu mke, lakini hofu yake naielewa. Jamaika, mwaka 2019, mshindi alipokea hundi yake akiwa amevaa barakoa ya sinema ya kutisha. Na mwaka 2018 mwanamke wa New Hampshire aliyeshinda dola milioni 560 alikwenda mahakamani akisema kwamba amekwisha kuandika jina lake nyuma ya tiketi, na sasa anaogopa sheria itamlazimisha litangazwe. Jaji alimkubalia jina lake lihifadhiwe.

Kampuni zina sababu ya kutaka picha, na serikali nazo zina sababu ya kutaka uwazi, ili isije ikawa mshindi ni binamu wa mkurugenzi. Sababu ya pili naiheshimu. Lakini mkaguzi wa bodi ya michezo ya kubahatisha anaweza kumjua mshindi kwa jina, kitambulisho na akaunti bila mtaa mzima kumjua. Picha ni ya kuuza tiketi za wiki ijayo. Mshindi anageuzwa tangazo, na gharama ya tangazo hilo anailipa yeye na ndugu zake.

Jirani naye yumo. Uholanzi iko bahati nasibu inayochezwa kwa namba ya posta ya mtaa, kwa hiyo mtaa ukishinda, walionunua tiketi wanapata na wasionunua wanakosa, nyumba kwa nyumba. Watafiti walikuta kwamba wasioshinda katika mitaa iliyoshinda walielekea zaidi kununua gari. Kanada walikuta jambo zito kuliko hilo: kadiri jirani alivyoshinda pesa nyingi, ndivyo waliomzunguka walivyozidi kutangaza kufilisika, kwa kukopa ili walingane naye. Ushindi unaotangazwa hauishii kwa aliyeshinda.

Kuna kijiji kimoja cha Uhispania ninachopenda kukifikiria nikifika hapa. Kinaitwa Sodeto, kiko Huesca, na kina watu mia chache tu. Mwaka 2011 chama cha akina mama wa kijiji kiliuza vipande vya tiketi ya bahati nasibu ya Krismasi, ile wanayoiita El Gordo, nyumba hadi nyumba, ili kuchangisha pesa za chama. Tarehe 22 Desemba namba yao ikashinda zawadi ya kwanza. Karibu kila kaya ilikuwa na kipande, kwa hiyo karibu kila kaya ilishinda, na mwenye kipande kidogo kabisa cha euro 5 alipata euro 100,000. Mkulima alilipa deni, mwingine akanunua trekta, mwingine akakarabati nyumba. Sodeto hapakuwa na wa kumpiga mwenzake mzinga. Pesa zilikuwa nyingi, ziliingia siku moja, zilijulikana dunia nzima, lakini zilifika kwa wote pamoja. Palikuwepo mkazi mmoja ambaye akina mama walimruka walipopita wakiuza. Huyo ndiye niliyemfikiria kwa muda mrefu nilipokuwa naandaa mhadhara huu, kwa sababu yeye peke yake, pale Sodeto, alikuwa mahali ambapo sisi wengine wote tupo.

Sasa kuhusu mkupuo. Marekani watafiti waliwachunguza washindi wa Florida waliopata kati ya dola 50,000 na 150,000. Miaka miwili ya mwanzo waliofilisika walipungua. Baadaye wakaongezeka, na ilipofika miaka mitano walikuwa sawa na walioshinda kiasi kidogo. Pesa zilikuwa zimeahirisha tatizo. Mtu akisikia hivyo anakimbilia kusema: basi wapewe kidogo kidogo, kila mwezi, kama mshahara.

Tusikimbilie. Watanzania tunakumbuka sakata la kikokotoo. Mwaka 2018 kanuni mpya za mafao zilishusha mkupuo wa mstaafu hadi asilimia 25, na kilichobaki kilipwe kila mwezi. Wafanyakazi walilia nchi nzima mpaka Rais Magufuli akazisimamisha Desemba mwaka huo huo. Mwaka 2022 ikaja kanuni ya asilimia 33, na mjadala haukuishia hapo. Hoja iliyotolewa kuzitetea kanuni hizo ilikuwa ile ile ya methali: mstaafu akipewa kiinua mgongo chote ataoa kabinti na atakufa maskini. Nami niliwasikiliza walimu waliostaafu wakieleza wanachotaka kufanya. Nyumba haijengwi kwa laki tatu za mwezi. Shamba haliuzwi kwa mafungu. Trekta halinunuliwi tairi moja moja. Maisha yetu yamejaa mambo yanayodai pesa nyingi kwa siku moja, na anayetaka mkupuo mara nyingi ana akili zake timamu. Apewe nafasi ya kuchagua, na apewe muda wa kuchagua.

Na kwa kusema hivyo nimeshagusa jibu la swali ambalo wazazi huniuliza kwa uchungu: kwa nini vijana wanacheza? Kwa nini kijana anayepata elfu nane kwa siku anatoa buku kila asubuhi kwa simu kwa ajili ya mkeka utakaochanika jioni? Jibu rahisi ni uvivu na tamaa. Mtafiti Sylvan Herskowitz hakuridhika na jibu hilo. Aliwafuatilia wabeti wa Kampala, na utafiti wake ulichapishwa mwaka 2021. Alikuta kwamba wengi wanaobeti wana kitu wanachokitaka kinachodai pesa ya mkupuo: mtaji wa duka, kodi ya nyumba, pikipiki. Benki haiwakopeshi. Pesa za mfukoni hazikai. Kubeti kumekuwa, kwa mahesabu yao, njia mojawapo ya kugeuza shilingi ndogo kuwa fungu. Kisha akawapa baadhi yao kasha la mbao la kuwekea akiba, kibubu cha kawaida kabisa, na hamu yao ya kubeti ikapungua.

Kibubu. Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi na bado inanigusa. Kijana tuliyemwita mcheza kamari alikuwa anatafuta mahali pa kuwekea pesa.

Ila njia aliyoichukua ni mbaya, na namba zake lazima zisemwe kwa sauti. Chukueni jakpoti ya mechi 17, aina ile iliyomfanya Mkenya mmoja mwaka 2017 aondoke na zaidi ya shilingi milioni 221 za Kenya. Kila mechi ina majibu matatu: nyumbani, sare, ugenini. Mpangilio wa majibu ya mechi 17 unafika 129,140,163. Anayebahatisha kwa kufumba macho, akicheza mkeka mmoja kila siku, atahitaji zaidi ya miaka 350,000 kuumaliza mpangilio wote. Mtaniambia mpira mnaujua. Haya, tuseme unaujua kiasi cha kupatia mechi moja kati ya kila mbili, na wabashiri wengi hawafiki hapo kwa muda mrefu. Nafasi yako ya kuzipatia zote 17 ni moja kati ya 131,072. Powerball inavyochezwa sasa ni ngumu kuliko zote mbili: nafasi moja kati ya milioni 292. Washindi wapo, wanatangazwa, ni wa kweli. Wanalipwa na waliochanika, na waliochanika hawapigwi picha.

Kwa baadhi yenu humu ndani mjadala umefungwa zamani. Aya ya 90 ya Sura ya Al-Maida imeiweka kamari pamoja na ulevi, na Muislamu hana la kuongeza. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini kijana wako akiisikia aya hiyo kutoka kwako, mpe na njia ya kulipata fungu lake kwa halali, maana hitaji lililompeleka huko halikuharamishwa.

Njia hiyo tunayo. Nilialikwa kukaa pembeni ya mchezo wa akina mama wa Tandika, wauza vitumbua, mama lishe, mmoja wa mitumba. Ni upatu wa watu kumi na wawili, kila wiki elfu ishirini kila mmoja. Siku ya kwanza walipanga zamu. Kijumbe alikata karatasi za daftari la hesabu vipande kumi na viwili, akaandika namba, akavikunja vidogo mpaka vikafanana na punje za mahindi, akavitia kwenye bakuli la plastiki na kulifunika kwa khanga. Mmoja mmoja akapenyeza mkono. Aliyechukua namba moja alipiga kigelegele. Aliyechukua kumi na mbili alifumba macho kidogo, kisha akacheka. Baadaye yule mwenye namba tatu akasema mwanawe anaripoti shule mwezi huo huo, na mwenye namba mbili akambadilishia hapo hapo mbele ya wote.

Ilikuwa bahati nasibu kamili: bakuli, karatasi, kura, fungu la laki mbili na elfu arobaini kwa siku moja. Ila hakuna aliyekosa. Kilichoamuliwa na bahati ni wiki ya kupata. Na anayepokea hapigiwi mizinga na wenzake, kwa sababu kila mmoja atapokea kama yeye, na ndugu wa nje akija, mama anayo kauli ya kusema: hii ni ya mchezo, ina kazi yake. Najua upatu nao una maradhi yake. Kijumbe hukimbia na pesa, mtu hupokea zamu ya mwanzo akaacha kuchangia. Maradhi hayo yanatibika kwa daftari na mashahidi. Hesabu ya mechi 17 haitibiki.

Nina maombi mawili, na ninayatoa kwa wahusika waliokubali mwaliko wa kuwa nasi leo, wa bodi ya michezo ya kubahatisha na wa vyombo vya habari.

La kwanza ni la wahariri. Acheni kuandika habari ya mshindi aliyefulia bila kuhesabu alichokinunua. Nendeni mkaone bati. Ulizeni nani amesoma, nani ametibiwa, nani amelipiwa deni, kisha ndipo mwandike kama amezimaliza.

La pili ni la bodi. Wekeni katika masharti ya leseni kwamba mshindi wa kiasi kikubwa aulizwe maswali mawili kwa maandishi, kwa Kiswahili, kabla kamera haijafunguliwa: je, unakubali jina na sura yako vitangazwe, na je, unataka kulipwa kwa mkupuo, kwa mafungu, au sehemu kwa sehemu? Apewe siku thelathini za kujibu, pesa zikiwa zimewekwa salama benki kwa jina lake, na akisema hapana kwa swali la kwanza asipunguziwe hata senti. Kampuni itaendelea kutangaza kiasi kilicholipwa na mkoa wa mshindi, na mkaguzi wa bodi atathibitisha kwamba malipo yalifanyika. Fomu ya ukurasa mmoja inatosha. Rasimu yake nimekuja nayo, na mwenyekiti ataigawa sasa kabla ya maswali.